Ningalimzuia, ningemzuia, nikimzuia

SWALI: Naandika hadithi ya mfululizo inayosomwa kwenye simu. Mhusika wangu ni mzee wa Mwanza aliyempoteza mdogo wake katika ajali ya MV Bukoba. Usiku mmoja analala mzee, anaamka kijana, yuko bandarini Kemondo siku mbili kabla ya ajali. Rafiki anayenipitia kazi anafuta kila "ningalimzuia" na kuandika "ningemzuia". Anadai -ngali- imezeeka. Mwingine anasema nikianza na -ngali- lazima nimalize na -ngali-. Nani ana haki? Halafu, mzee akisema "meli ilizama" na meli bado inaelea, nimekosea? Na je, hadithi za aina hii niziite "hadithi za kusafiri kwa muda"?

JIBU: Mwambie rafiki yako akurudishie -ngali- zako, angalau zile za sura ya kwanza. Anachosema kina ukweli kwa mazungumzo ya kila siku: sehemu nyingi za bara -nge- imekwishaimeza -ngali-, na mtu akisema "ningejua jana ningekuja" hakuna anayemwelewa vibaya, kwa sababu neno "jana" limeshafanya kazi yote. Lakini Unguja na Mombasa -ngali- ingali hai vinywani mwa watu, na katika maandishi hakuna aliyeifukuza. Kwako wewe kuifuta ni hasara kubwa kuliko kwa mwandishi mwingine yeyote, kwa kuwa hadithi yako nzima imesimama juu ya tofauti hiyo.

-Ngali- ni kiambishi cha jambo lililokwisha. Anayesema "ningalimzuia" anakiri kwamba hakumzuia na kwamba hawezi tena kumzuia. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wasemavyo wahenga, na -ngali- ni sarufi ya maji yaliyomwagika. Sasa wewe umejitwika hadithi ambamo maji yanazoleka. Kwa hiyo kitenzi cha mzee wako hakiwezi kubaki kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Akiwa Mwanza, mvi kichwani, atawaza: "Ningalimzuia asipande, asingalikufa." Akiamka Kemondo na kudhani anaota, atajaribu: "Ningemzuia, angepona." Hapo -nge- inafaa, kwani bado analipima jambo kama dhana tu, hajaliamini. Akishaona tarehe kwenye gazeti la mtu aliyeketi jirani, dhana imekwisha: "Nikimzuia, atapona." Msomaji makini atayaona mageuzi hayo hata usipomwandikia sentensi moja ya kueleza kwamba mzee sasa ameamini. Rafiki yako akiweka -nge- kila mahali, hatua ya kwanza na ya pili zinakuwa kitu kimoja.

Neno "laiti" nalo lina zamu yake. Laiti ni ya mtu asiye na la kufanya. Ijaze sura ya kwanza ukipenda, ila baada ya Kemondo iondoe, isipokuwa pale unapotaka tumwone mzee akisahau kwamba amekuwa kijana. Kuteleza kwa namna hiyo mara moja kunapendeza: "Laiti ningalimwambia... Mungu wangu, si yupo pale!" Mara tatu kunachosha.

Huyo wa pili, wa kanuni ya -ngali- kwa -ngali-, amekumbuka shule. Walimu hufundisha kwamba pande mbili za sentensi ya masharti zifanane: -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-, -ngeli- kwa -ngeli-. Kanuni hiyo ni nzuri na kwenye mtihani usiivunje. Lakini imewekwa kwa ajili ya sentensi ambazo sharti na matokeo yake viko katika wakati mmoja. Mzee wako anapowaza "Ningalimzuia siku ile, leo angekuwa na wajukuu," sharti liko mwaka 1996 na wajukuu wangekuwapo leo. Mimi naiona sentensi hiyo kuwa safi, na kuilazimisha iwe "leo angalikuwa na wajukuu" ni kumsogeza marehemu mbali zaidi ya alivyo. Usichanganye ovyo tu: kama pande zote mbili zimepita, zifananishe. Ama -ngeli-, wako wanaoichukia. Mimi sina ugomvi nayo, ila ukiichagua usiichanganye na -ngali- katika kazi moja.

Swali la "ilizama" ndilo lililonifurahisha zaidi. MV Bukoba ilizama asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, na ikapoteza watu zaidi ya 800. Kwetu sisi ni -li- bila ubishi. Kwa mzee aliyesimama gatini Kemondo kuna mambo mawili. Kumbukumbu zake ni za mtu aliyekwishayaona, basi moyoni atasema "ilizama", na hujakosea. Akifungua kinywa mbele ya mdogo wake atasema "itazama", maana anayesikiliza yuko upande wa huku wa Jumanne. Usijaribu kusawazisha. Acha moyo useme -li- na kinywa kiseme -ta-, hata katika aya moja. Mvutano huo ndio upweke wake.

Mahali utakapojikwaa ni kwenye sauti ya msimulizi. Siku hizi naona sana sentensi kama "alipanda meli ambayo ingezama siku mbili baadaye". Huo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kwa Kiswahili, "ingezama" inadai sharti: ingezama kama nini? Msomaji anabaki anasubiri. Andika "meli iliyokuja kuzama siku mbili baadaye". Vivyo hivyo na "alijua meli ingezama". Sisi husema "alijua meli itazama", kwa kuwa Kiswahili hukiacha kitenzi cha mawazo kilivyokuwa ndani ya mawazo, hata kama "alijua" ni ya zamani. Katika hadithi yako kosa hili lina madhara ya ziada. Mzee akifanikiwa kumzuia nahodha, "iliyokuja kuzama" itakuwa uongo, na huenda hapo ukaihitaji "ingezama" kwa maana yake halisi: meli ambayo ingezama asingekuwapo yeye. Itunze kwa siku hiyo.

Kwa ukanushi, vitabu vya sasa hupendelea "nisingalimruhusu", na wa pwani wengi husema "singalimruhusu". Zote ni Kiswahili. Ila mtu aliyekulia Mwanza hawezi kuamka Kemondo akisema "singalimruhusu" kama aliyezaliwa Mji Mkongwe. Kusema kweli, katika mazungumzo yake angetumia -nge- tupu kama majirani zake, na hapo rafiki yako ana haki. Basi igawe: kwenye alama za kunukuu -nge- itawale, kwenye mawazo na masimulizi -ngali- ishike nafasi yake.

Kuhusu jina la hadithi hizi, "kusafiri kwa muda" maana yake ni kuondoka na kurudi karibuni, kama mtu aliyekwenda Geita kwa muda. Muda ni urefu, kipindi. Anachokivuka mzee wako ni wakati. "Kusafiri katika wakati" inaeleweka na si kosa, ingawa imekakamaa kidogo. Ningekuwa wewe, ningeandika tu kwamba ni hadithi ya mzee aliyerudishwa mwaka 1996.