Jibu: Nyumba ya Wakiso ina hatimiliki, mpima wa nini tena?

Dada, unauliza mpima wa nini ilhali nyumba unayotaka kununua Wakiso, Uganda, ina hatimiliki. Hatimiliki inakuambia kiwanja ni cha nani, haikuambii ukuta umesimama wapi. Mpima ardhi aliyesajiliwa atachukua vipimo vya ofisi ya ardhi, aje kufungua mipaka na kutafuta yale mawe ya pembeni. Hapo ndipo hugundulika kwamba choo kiko kwa jirani, au nusu ya uzio imekalia hifadhi ya barabara. Majirani na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wawepo siku hiyo. Wao ndio watakaokuambia kama kuna mtu mwenye kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi yenye hatimiliki ya mwingine) juu ya hiyo mailo (ardhi ya umiliki binafsi ya Buganda), maana sheria inamlinda hata kama hatimiliki haimtaji.

Mwulize mpima pia kama kiwanja kiko kwenye kinamasi. Waliobomolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira, kule kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024 walikuwa na nyumba kamili, si vibanda tu.

Ila mpima hakagui jengo. Kwa jengo tafuta mkaguzi wa majengo au mhandisi: apande darini aone mbao za kenchi kama zina mchwa, apime nyufa (ule wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha usiudharau, mara nyingi msingi umetitia), aangalie unyevu chini ya kuta na shimo la maji taka. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu? Mimi ningeuliza kwa nini.

Na umlipe wewe mwenyewe. Mpima aliyeletwa na dalali anamtumikia dalali.