Feni ya umeme kwenye rejeta

Kaka, kama gari inachemka ukisimama pale stendi Mtwara lakini ukishika lami ya Mikindani inapoa, rejeta yako haina shida, tatizo ni feni. Washa feni, weka karatasi mbele ya rejeta. Karatasi isiponata, feni inapuliza kinyume. Geuza waya zake mbili. Halafu umeme wa feni usiupitishe kwenye swichi ya dashibodi. Feni kubwa ikianza inavuta ampea 20 na zaidi, swichi yangu iliyeyuka, harufu wiki nzima! Weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), fyuzi karibu na betri, na swichi ya joto inayowasha nyuzi 95 hivi. Ukiweka swichi inayowasha kabla ya joto la kufunguka themostati (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta), feni haitazima. Kava la plastiki nyuma ya rejeta usilitupe.