Habasoda kwa vifaranga wa nyama: tumia mizani, si kiganja

Ndugu, umesema una vifaranga 100 wa nyama wa siku 5, unataka kuwawekea habasoda na uwatu kwenye stata (chakula cha kuanzia), kiganja kimoja kila asubuhi, kisha uache chanjo.

Chanjo usiache. Hakuna mbegu inayokinga magonjwa ya mdondo wala gumboro.

Habasoda ijaribu, lakini kwa mizani: gramu 10 kwa kilo ya chakula, na siku tatu za mwanzo weka 5 tu ili wazoee harufu. Uwatu uweke kando kwanza. Ni mchungu, ukizidi wanapunguza kula, na ukiweka vyote viwili hutajua kipi kimefanya nini.

Pepeta habasoda kuondoa mchanga, kisha saga iwe unga. Punje nzima huishia chini ya chombo. Kwa kilo 10 za stata pima gramu 100, changanya kwanza na kilo moja, ndipo uongeze iliyobaki kidogo kidogo. Ukimwaga yote kwa mkupuo, huyu anapata nyingi, yule hapati kitu. Saga ya siku tatu au nne tu, maana mafuta yake huchacha. Ikinuka uvundo au ikiwa na ukungu, tupa, hata kama ilikugharimu.

Tenga vifaranga 20 bila habasoda, pima uzito wa kumi kila upande kila wiki, ulinganishe.

Ukiona kinyesi chenye damu, au wamejikunyata mabawa yamelegea, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Huenda ni koksidia, ugonjwa wa utumbo, na hiyo inataka dawa.