Maziwa Yanatosha, Wanaokusumbua ni Watu

Juzi usiku nimepata ujumbe wa msomaji mmoja, mama wa mtoto wa wiki saba, anaishi upande wa Mbagala. Nimeufupisha: "Dada, mtoto jioni analia mno, ziwa halitoki mdomoni. Mama mkwe anasema maziwa yangu mepesi kama maji, ameshanunua kopo liko juu ya kabati. Nifanyeje?" Nilimjibu kwa sauti, nikaongea mpaka simu ikaisha chaji. Nimeona niandike kabisa, maana najua hayuko peke yake, na habari ya kopo juu ya kabati naijua. Langu lilikaa juu ya friji.

Mwanangu nilimzaa Februari. Wanaokaa Dar wanaijua Februari: feni inazungusha joto tu, saa nane za usiku shuka limelowa jasho. Mama mkwe alikuja kukaa na mimi arobaini yote, na Mungu ambariki kwa uji wake wa pilipili manga, sijawahi kupikiwa uji kama ule. Lakini kila alasiri alikuwa na kikombe chake cha bati, maji yamechemshwa yakapozwa, na kijiko kidogo cha chai. "Mtoto ana kiu jamani. Wewe unamaliza dafu zima, yeye unamnyima hata tone?" Ukimtazama mtoto, kweli midomo inachezacheza. Unaanza kujiona katili.

Sasa sikieni. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, kama asilimia 87 hivi. Yanayotangulia ni mepesi, yanamkata kiu. Akiendelea kunyonya titi lilelile yanakuja yenye mafuta zaidi, hayo ndiyo shibe. Kwa hiyo anayekwambia maziwa yako mepesi ameona ya mwanzo tu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, maji hapana, labda dawa ikiandikwa na daktari, na hawakuandika "isipokuwa Dar". Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, basi. Kijiko cha maji kinajaza kitumbo ambacho ni kidogo tayari, mtoto ananyonya kidogo, na juu yake kinaweza kumletea vijidudu. Mji wenyewe ndio huu, leo bomba linatoka, kesho unanunua maji ya boza hujui yametolewa wapi.

Sikugombana na mama mkwe, ingawa siku nyingine ulimi uliwasha. Siku ya mzani nilimwambia, "Mama twende wote, unishikie mfuko." Pale kliniki akamuuliza nesi mwenyewe, kwa sauti ya kunishtaki, kama ni halali mtoto kunyimwa maji. Yule nesi, mama mtu mzima, alikuwa anamvua mtoto nepi iliyolowa chapachapa. Akaiinua juu. "Bibi, na huu mkojo ameutoa wapi?" Mama mkwe alicheka mpaka akashika kifua, na kikombe cha bati kikarudi kwenye kazi yake ya chai. Ushauri wangu ninaouamini kuliko wote ni huo: usibishane na mama mkwe nyumbani, mpeleke kliniki aambiwe na mtu wa rika lake.

Tuje kwenye "hayatoshi". Mama zangu, titi si ndoo kwamba ukichota linapungua. Mtoto akinyonya zaidi, mwili unatengeneza zaidi. Ukimpa chupa ya maziwa ya kopo saa moja jioni ili "apumue", titi halijanyonywa saa hiyo, na mwili unajua kazi imepungua. Baada ya wiki mbili maziwa yanapungua kweli, kisha wifi anasema si nilikwambia. Mtoto mchanga kung'ang'ania ziwa jioni nzima ni kawaida yake. Usiku ndiyo usiruke kabisa, homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Supu ya pweza, mtori, karanga, kunywa na kula kwa raha zako, mimi nilikunywa supu mpaka nikanenepa, ila kinacholeta maziwa ni mdomo wa mtoto.

Mdomo wenyewe uangaliwe. Mtoto asishike chuchu peke yake, afungue mdomo wazi, achukue na sehemu kubwa ya weusi, kidevu kiguse titi. Chuchu zikipasuka mpaka unauma meno kila akianza, mara nyingi shida iko hapo, rudi kliniki wakuwekee vizuri. Na shibe haipimwi kwa kilio. Angalia nepi, baada ya wiki ya kwanza alowanishe 6 au zaidi kwa siku, na angalia mstari kwenye kadi ya kliniki kama unapanda. Kama haupandi, au mtoto amelegea, ana homa, hataki kunyonya, hapo achana na mimi na mama mkwe wote, kimbia hospitali.

Wangu mstari ulipanda. Nitajisifu na mnivumilie, maana nilisemwa sana. Ndani ya ile miezi 6 kliniki tulikwenda kwa chanjo na mzani tu. Sisemi ni maziwa peke yake, chanjo zilifanya kazi yake, lakini inajulikana wazi kwamba watoto wanaonyonya bila kuchanganyiwa huharisha mara chache na nimonia huwapata kwa nadra kuliko wenzao. Yale maziwa ya njano ya siku za kwanza, ambayo kuna bibi bado wanashauri yakamuliwe yatupwe, yamejaa kinga. Na mama ukipambana na vijidudu vya mtaani kwako, mwili wako unatengeneza kinga dhidi ya hivyohivyo na kumpitishia mtoto. Hilo kopo gani litakufanyia?

Wapo ambao daktari amewaambia watumie kopo kwa sababu ya kweli, hao siwasemi hata kidogo. Na mama mwenye virusi vya UKIMWI asikatishwe tamaa na majirani: akitumia dawa zake vizuri, na mtoto akipewa za kwake kama kliniki inavyoelekeza, ananyonyesha. Habari za kubemenda nazo nilizisikia mtoto alipoanza kusimama. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kwisha.

Nyinyi akina baba, mnasoma au mmeruka? Mama akinyonyesha saa tisa usiku, mletee maji ya kunywa. Mama yako akianza maneno, mjibu wewe, ni mama yako. Mume anayenyamaza wakati mkewe anasimangwa ziwa lake halafu anakwenda kununua kopo "kuleta amani" ameleta gharama ya kila wiki nyumbani kwake, na amani hataiona.

Kazini ndiko nilikoumia. Likizo iliisha, nikarudi ofisini Posta, nikawa nakamulia kwenye stoo ya makaratasi, mgongo nimeegemeza mlango kwa kuwa hauna kitasa. Bosi alisema mbele za watu, "Wenzako wote wananunua kopo, wewe ni nani?" Niliporudi nyumbani, kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, kifua kimelowa chini ya khanga, nililia bila kujali kondakta.

Kisha nikasoma sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33: likizo ya uzazi yenye malipo siku 84, siku 100 ukijifungua zaidi ya mmoja, na anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wengi tunaijua ile 84, hizi saa 2 hatuambiwi. Mimi nilizitumia kutoka mapema, na mchana nikakamua saa ya chakula.

Ukikamua, nawa mikono, tumia chombo safi chenye mfuniko. Miongozo inasema maziwa hayo hukaa hadi saa 4 nje ya friji kwenye chumba cha ubaridi wa kawaida, siku 4 kwenye friji. Kwa joto letu weka mara moja kwenye kibegi chenye barafu, na umeme ukikatika usiku kucha usibahatishe. Dada wa kazi ayapashe kwa kuyatumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto, asiyachemshe jikoni, na ampe kwa kikombe. Yaliyobaki kikombeni yamwagwe.

Barua iandike kabla hujarudi kazini. Taja kifungu, taja saa unazotaka kutoka, bandika ukurasa wa sheria nyuma yake, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Bosi wangu aliuliza "sheria ipi?" mara moja tu.