Itazame Tena: Nilivyokosea Kuhusu Letter from an Unknown Woman

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba alijaribu kutazama Letter from an Unknown Woman, filamu niliyoisifu hapa mwaka jana, akaiacha katika dakika ya 20 kwa sababu alishindwa kumvumilia msichana anayempenda jirani asiyemjua. Sikuudhika, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuandika mabaya zaidi ya hayo juu ya filamu hiyo hiyo. Najua wengi mnaosoma hapa mnatamani siku moja kuandika juu ya sinema kwa uzito unaostahili, kwa hiyo nimeona nimjibu hadharani na nieleze kisa chote.

Ni filamu isiyo na rangi, isiyofika dakika 90, iliyotolewa na studio ya Universal mwaka 1948. Hadithi yake inatokana na riwaya fupi ya Stefan Zweig wa Austria, iliyochapishwa mwaka 1922. Mwongozaji wake, Max Ophüls, alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyeikimbia nchi yake mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka, akafanya kazi Ufaransa, kisha akakimbia tena hadi Marekani mwaka 1941, ambako ilimchukua miaka kadhaa kabla ya kukamilisha filamu hata moja. Hata jina lake halikusalimika: kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu ameandikwa Max Opuls. Vienna tunayoiona, mji mkuu wa Austria ambako hadithi inatokea, yenye theluji, magari ya farasi na kumbi za muziki za mwaka 1900 hivi, ilijengwa studioni California. Marekani haikuipokea vizuri, na miaka michache baadaye Ophüls alirudi Ufaransa. Ilikuja kuingizwa katika Rejista ya Taifa ya Filamu ya Marekani, orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa, mwaka 1992, lakini hadi leo ukitaja sinema ya miaka ya 1940 watu watakutajia Casablanca, ilhali Howard Koch, mmoja wa waandishi watatu wa Casablanca, ndiye aliyeiandika na hii.

Niliitazama mara ya kwanza mwaka 2012, kwenye kompyuta ndogo iliyokaa juu ya meza ya jikoni, huku nikipika. Nakiri kwamba niliitazama kwa nusu jicho. Usiku huo huo niliandika makala ambayo ilimwita Lisa, mhusika mkuu, mwanamke asiye na akili aliyeutupa uhai wake kwa ajili ya mlevi wa sifa. Jarida moja liliichapisha, watu waliisifu kwa ukali wake, na kwa muda mrefu niliitoa kama mfano wa kazi yangu bora kila nilipoombwa mfano.

Aliyenivua kiburi hicho ni shangazi yangu. Alikuja mjini kutibiwa macho, akakaa kwangu karibu mwezi mzima, na jioni moja nilikuwa naipitia filamu hii ili nichague picha ya kuweka kwenye makala nyingine. Shangazi hajui Kiingereza. Alikaa nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akaniambia nisiruke-ruke, niiache iende. Basi nikaiacha.

Kwa wasioifahamu, hadithi inaanza usiku wa mvua. Stefan Brand, mpiga piano aliyewahi kuwa na jina kubwa, anayeigizwa na Louis Jourdan, anarudi nyumbani akijua kwamba alfajiri anatakiwa kwenda kupambana kwa silaha na mume wa mtu, naye amekwisha kuamua kutoroka. Mtumishi wake bubu, John, anampa barua. Mwandishi wake, Lisa Berndle, anayeigizwa na Joan Fontaine, anamweleza kwamba alimpenda tangu alipokuwa msichana wa nyumba ya jirani, kwamba waliwahi kuwa pamoja usiku mmoja, kwamba alimzalia mtoto, na kwamba kila walipokutana yeye Stefan hakumkumbuka. Filamu nzima ni kusomwa kwa barua hiyo.

Katikati kuna kituo cha reli. Stefan anaondoka kwenda kupiga muziki Milan, na kutoka kwenye behewa anamwambia Lisa kwamba ni wiki mbili tu. Harudi kwake. Miaka mingi baadaye, Lisa, sasa mke wa mtu mwingine, anamsindikiza mwanawe kwenye treni, na mtoto naye anaagana naye kwa maneno yale yale ya wiki mbili. Mtoto anakufa, kwani behewa alilokuwa amepandishwa kwanza lilikuwa na ugonjwa wa taifasi. Shangazi, ambaye hakuelewa neno hata moja la mazungumzo yale, aliweka kikombe chini akasema, “Mwanangu, mbona huyu mtoto anaaga kama baba yake? Hatarudi huyu.” Mimi niliyeandika maneno 900 juu ya filamu hiyo sikuwa nimeliona jambo hilo.

Usiku ule sikulala mapema. Nilirudi mwanzo nikaitazama peke yangu, simu ikiwa chumba kingine, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuandika unatoka hapo: usiandike juu ya filamu uliyoitazama mara moja. Itazame tena. Melodrama ya aina hii, yaani filamu ya hisia kali na machozi, imejengwa kwa marudio, na marudio hayaonekani kwa anayetazama mara moja, kama ambavyo kiitikio cha taarabu hakikuchomi kabla hujasikia ubeti unaofuata ukikibadilisha maana.

Zitazame ngazi. Lisa akiwa bado msichana anakaa juu ya ngazi za jengo lao usiku, akimsubiri Stefan, na kamera iko nyuma yake, juu, ikitazama chini. Stefan anaingia na mwanamke mwingine, wakicheka, wanapanda hadi mlangoni kwake. Miaka inapita, na usiku anaoingia na Lisa mwenyewe, kamera imerudi mahali pale pale. Lisa sasa ndiye mwanamke anayepandishwa ngazi. Ophüls haongezi neno wala machozi. Anaturudisha tu pale tulipokuwa tumekaa na yule msichana, ili tumwone Lisa kama alivyowaona wengine. Mpigapicha wake, Franz Planer, aliwahi kufanya naye kazi Ujerumani kabla ya wote wawili kuhama, na ninaamini kuelewana huko kunaonekana katika utulivu wa kamera hapo.

Kisha kuna bustani ya starehe ya Prater wakati wa baridi. Stefan na Lisa wanakaa ndani ya behewa la uongo, na nje ya dirisha picha zilizochorwa zinapita, Venice, halafu milima ya Uswisi, huku mzee mmoja akizizungusha kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli. Nchi zinapokwisha, Stefan anaagiza zianze upya. Katika makala yangu ya kwanza niliita tukio hilo mapambo. Leo ningelifundisha kwa saa nzima, kwa sababu limebeba mapenzi yao yote: hawatoki mahali walipo, anayelipa ni mwanamume, na safari inajirudia. Aliyeifanya filamu hii, kumbukeni, alikuwa mtu aliyefukuzwa katika nchi mbili za kweli, na Zweig mwenyewe alikuwa amejiua uhamishoni Brazil mwaka 1942. Hutasikia neno la siasa, ila Vienna hiyo inaonyeshwa na watu waliojua kwamba haipo tena.

Nilipokwisha kuyaona hayo niliandika makala mpya ya kujisahihisha na kuipeleka kwenye jarida lile lile. Mhariri aliirudisha akisema kwamba filamu za kulia ni za akina mama na hazistahili ukurasa. Miaka imepita na bado neno hilo linaniuma, kwa sababu nilipomtukana Lisa walinipa ukurasa mzima, na nilipomsikiliza wakaninyima. Ndiyo maana nawaambia vijana mnaoanza kuandika: dharau inachapishwa upesi. Ni rahisi kuuliza kwa nini Lisa asimwambie tu Stefan yeye ni nani, na ukishauliza hivyo unajiona umekuwa mwerevu kuliko filamu. Lakini Lisa hataki kutajwa jina na mtu aliyelazimika kuambiwa; anataka kukumbukwa. Ukilielewa hilo, mkutano wao wa mwisho, anapokuja na maua na Stefan anaanza kumtongoza kwa ustadi ule ule wa siku zote kana kwamba ni mgeni, hutautazama kwa kukereka. Mjinga wa filamu hii ni Stefan. Msimhukumu mtu ambaye bado hamjamsikiliza hadi mwisho wa barua yake, na msiandike kabla ya kutazama mara ya pili.

Jumamosi iliyopita niliwaalika watu 11 sebuleni kwangu, baadhi yao wasomaji wa hapa, nikaionyesha bila hotuba. Niliwaomba tu simu ziwekwe kwenye kapu mlangoni. Hakuna aliyeondoka. Alfajiri ilipoingia kwenye filamu, Stefan akiwa amemaliza kusoma, anamgeukia John na kumuuliza kama alimkumbuka yule mwanamke, na John, asiyeweza kusema, anachukua kalamu na kuandika jina kamili: Lisa Berndle. Mtumishi alimjua wakati wote. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha alivuta pumzi kwa sauti, na Stefan akavaa koti lake kwenda kwenye pambano ambalo saa chache kabla alikuwa amepanga kulikimbia.

Taa zilipowashwa, hakuna aliyesimama kufuata chakula. Dada mmoja, ambaye mwanzoni alikuwa ameniambia kwamba hapendi filamu zisizo na rangi, aliniomba nirudishe nyuma hadi kwenye ngazi, mara ya kwanza na ya pili, zifuatane. Nilirudisha. Shangazi, ambaye siku hizi anakaa nami moja kwa moja, alisogeza kiti chake mbele ili aone vizuri.