Mbona Mathare, si Gor

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu mbona mimi, mzaliwa wa Nairobi, sikuwahi kuwa shabiki wa Gor Mahia wala AFC Leopards, timu kubwa za mpira hapa Kenya, nikang'ang'ana na Mathare United hata inapofungwa wiki baada ya wiki. Nilikujibu harakaharaka. Leo nina nafasi.

Tulipokuwa wadogo Mathare, mtaa wa mabanda hapo Nairobi, boli yetu ilikuwa ya juala: mifuko ya plastiki iliyoviringwa na kufungwa kamba mpaka ikakaza. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akishughulika na mambo ya mazingira, alisaidia kuanzisha MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Sharti lilikuwa moja: ukifanya kitu, chama nacho kitakufanyia kitu, ukikaa, nacho kinakaa.

Ndiyo maana ligi yetu ilikuwa na taka ndani yake. Timu ikisafisha mtaa, inaongezewa pointi kwenye jedwali, pamoja na zile za mechi. Asubuhi tulishika koleo, reki na toroli, tukazibua mitaro. Yale matope meusi juu yalikuwa na ukoko mkavu. Ukiupasua kwa koleo, harufu inakuchoma macho, na chini yake unakuta ndala, chupa, panya aliyeoza. Kina mama walitutazama wakiwa milangoni. Mvua ya kwanza ilipokuja na maji yakapita mtaroni badala ya kuingia nyumbani, nyanya yako hakunigombeza tena kwa sababu ya mpira.

Uwanjani nako kulikuwa na adabu. Nahodha peke yake ndiye aliyesema na refa. Ukila kadi nyekundu, kabla ya kurudi lazima uchezeshe mechi za watoto, ndipo uone filimbi ilivyo nzito. Kulikuwa hata na kadi ya kijani, ya mchezaji mwenye nidhamu kuliko wenzake. Wasichana waliingia mwaka 1992, na wako mpaka leo.

Mathare United ilizaliwa humo mwaka 1994, iwe timu ya wale waliokua. Hawakuachiwa wacheze tu: walifundisha watoto mpira, wakazungumza na vijana kuhusu ukimwi wakati watu wazima wengi walikuwa wakiukwepa. Mwaka 1998, wakiwa bado ligi ya chini, wakachukua Moi Golden Cup, kombe la mtoano la Kenya! Mwaka 2000 wakalichukua tena, na mwaka 2008 wakawa mabingwa wa ligi kuu. Watu husifu sana ule ubingwa. Mimi naliweka kombe la 1998 juu yake, kwa kuwa waliolibeba walikuwa vijana ambao mtaa mzima uliwajua wakiwa na reki mkononi. Dennis Oliech naye alipitia hapo kabla ya kwenda Qatar na Ufaransa.

Tena kuna jambo sijawahi kukueleza. Baba yako mdogo alisoma sekondari kwa pointi za uongozi za MYSA. Alizipata kwa kufundisha watoto na kusimamia usafi, na karo ikapelekwa moja kwa moja shuleni. Sisi nyumbani hatukuwa nayo.

Gor ni timu kubwa na naiheshimu. Ila Mathare ndiyo iliyotulea, na nitaishangilia hata ikicheza ligi ya mwisho kabisa.

Wako,
Baba