Kiwanja cha makazi Sakina: tunaweza kuweka maduka na karakana?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba yetu alituachia kiwanja Sakina, Arusha, kinatazama barabara ya Namanga. Hati inasema matumizi ni makazi. Mimi na kaka zangu tunataka kujenga fremu za maduka mbele, na nyuma tuweke karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Leseni ya biashara tutapata, na mwenyekiti wa mtaa hana kipingamizi. Hiyo inatosha, au lazima tubadilishe matumizi ya ardhi? Na kama ni lazima, tuombe nini hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Haitoshi. Leseni inakuruhusu kufanya biashara, lakini ardhi itumike kwa nini, hilo linasemwa na masharti ya hati. Masharti hayo hayaguswi na leseni wala na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka uendelezaji wowote ndani ya eneo la mpango upate kwanza idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni halmashauri. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaruhusu anayekiuka masharti apewe ilani, atozwe faini, na akikaidi, miliki yenyewe inaweza kubatilishwa. Nimeona familia zikipokea zuio la ujenzi ukuta ukiwa umeshafika kwenye linta na pesa ya mkopo imeshaingia kwenye nondo. Naomba lisiwapate ninyi.

Sasa tuje kwenye swali lako la mwisho, kwa sababu hapo ndipo pana uzito. Umeuliza jambo moja, kumbe ni maombi mawili yaliyo mbali sana. Kanuni za mipango miji zinagawa matumizi ya ardhi katika makundi, na biashara na viwanda ni makundi tofauti. Fremu za duka la dawa, mangi wa vinywaji na saluni zinaingia kwenye biashara. Karakana ya kuchomelea, hata ikiwa na mafundi watatu tu, inaelekea upande wa viwanda vidogo: kuna grenda inayolia kutwa, mwanga wa kuchomelea, rangi ya kupuliza, na lori la vyuma linalorudi nyuma kwenye kichochoro cha watoto.

Kwa kiwanja kilicho kando ya barabara kubwa, ombi la kutoka makazi kwenda makazi na biashara ni la kawaida na lina hoja. Mbele mnauza, nyuma au ghorofani mnaishi. Ombi la kwenda viwanda katikati ya nyumba za watu ni jambo jingine kabisa, na mimi nisingewashauri mliombe.

Sababu yangu ni hii. Mabadiliko ya matumizi yanakaa na ardhi, hayakai na mtu aliyeomba. Leo ni kaka zako na mashine mbili za kuchomelea, watu wastaarabu wanaofunga saa kumi na mbili jioni. Kesho mkiuza, mnunuzi anapokea kiwanja cha viwanda, naye anaweza kuja na mashine ya kusaga inayokesha. Kamati ya mipango miji inapokaa haipimi tabia yenu, inapima kila kinachoweza kufanyika pale kihalali. Halafu jirani wa pili naye ataomba kwa kuwa wa kwanza amepewa, na mtaa uliopimwa kwa makazi, wenye barabara nyembamba na mitaro ya maji ya mvua tu, unajikuta umebeba viwanda bila miundombinu yake. Ndiyo maana jiji lina maeneo ya viwanda kama Unga Limited na Themi.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, nendeni ofisi ya mipango miji mkaombe kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu na mpango kabambe wa Arusha unaofika 2035, yaani mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ya jiji. Mkikuta ukanda ule umeshapangwa kuwa wa biashara au matumizi mchanganyiko, mna nguvu. Mkikuta vinginevyo, ni bora mjue mapema. Hakikisheni pia kiwanja kiko upande upi wa mpaka, Jiji la Arusha au Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Kule pembezoni majirani wawili wanaweza kuwa chini ya halmashauri mbili, na barua iliyopelekwa kusiko inawapotezea muda.

Kuna jambo hukulitaja: hati ina jina la nani? Ikiwa bado ni la mzee, ombi halitasogea. Mwombaji ni mmiliki aliyesajiliwa. Fungueni mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, kisha asajiliwe kwa Msajili wa Hati. Ndugu wote wakubaliane kwa maandishi sasa, kwa sababu kiwanja kikishakuwa cha biashara thamani hupanda, na hapo ndipo aliyekuwa kimya huanza kudai.

Pimeni pia mbele ya kiwanja. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Fremu iliyoingia humo haiokolewi na mabadiliko ya matumizi, na njia ya magari kuingilia kwenye maduka inahitaji ridhaa ya TANROADS, wakala wa barabara. Kama nyuma kuna mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Ombi lenyewe linaandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, likiambatana na nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na maelezo ya mnachotaka kujenga. Linatangazwa ili majirani watoe maoni. Zungukeni nyumba kwa nyumba ninyi wenyewe kabla ya tangazo, mkaeleze mtaweka wapi maegesho na choo cha wateja. Pingamizi nyingi ninazozisoma zinahusu maji machafu na magari, wala hazihusu wivu kama watu wanavyodhani. Likikubaliwa, hati ya zamani inarudishwa na inatolewa mpya yenye masharti mapya, na kodi ya pango itapanda kwa kuwa biashara inatozwa zaidi ya makazi. Kibali cha ujenzi ni ombi lingine, msichanganye. Mkitaka mtaalamu wa kuwaandalia, mtafuteni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipango Miji, na mwombeni awaonyeshe cheti chake.

Kuhusu kaka zako na karakana: waende SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapa Arusha waulizie nafasi, au wapange banda Unga Limited. Huko umeme wa fezi tatu ni rahisi kupatikana na hakuna jirani atakayelalamikia grenda. Kisha mojawapo ya fremu za Sakina ifanyeni chumba cha maonyesho cha mageti yao.